Somo: Neno "pastnieks" limetoka wapi?



Mara nyingi tunapobishana na waajiri juu ya mikataba tunaambiwa kwamba jina la kazi si kitu. Sisi hatukubali. Aliyeandikwa "mtumishi", na huku kila siku anabeba mfuko wa barua, atadaije malipo ya mpeleka barua? Leo tutazame neno la mbali. Huko Latvia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, mpeleka barua huitwa pastnieks.

Neno hili lina vipande viwili. Cha kwanza ni pasts, yaani posta. Asili yake ni Kilatini, posita, maana yake "iliyowekwa". Zamani huko Italia farasi waliwekwa vituoni njiani. Mjumbe akifika na barua, humwacha farasi aliyechoka na kupanda mwingine. Kituo hicho kiliitwa posta. Neno likapita Ufaransa, likafika Ujerumani, na Walatvia wakalipata kwa Wajerumani, ambao kwa karne nyingi ndio waliokuwa wenye mashamba makubwa na maduka ya mijini. Mkulima wa Kilatvia alikuwa amefungwa kwenye shamba la bwana; katika sehemu kubwa ya nchi sheria za 1817 na 1819 ndizo zilizomfungua, tena bila ardhi. Neno letu "posta" ni la ukoo huo huo.

Kipande cha pili, -nieks, ndicho chenye utamu. Maize ni mkate, na maiznieks ni mwokaji. Kurpe ni kiatu, na kurpnieks ni fundi viatu. Sisi alama ya mtu tunaiweka mbele: mvuvi, mshonaji. Wao wanaiweka mkiani. Strādnieks ni mfanyakazi. Na saimnieks, mwenye shamba, naye ana mkia huo huo! Lugha haikumwongezea bwana hata herufi moja. Mwanamke apelekaye barua ni pastniece, ana jina lake mwenyewe.

Latvia ilitangaza uhuru tarehe 18 Novemba 1918, wakati karatasi ilikuwa haba. Stempu ya kwanza, iliyotoka tarehe 18 Desemba mwaka huo, ilichapwa nyuma ya ramani za jeshi la Ujerumani. Ukiibandua leo, utaona mgongoni vipande vya barabara na vijiji.