Je, Mazoezi ya Mwili Yaweza Kushinda Urithi wa Ugonjwa wa Moyo?

Wako watu wengi ambao baba yao alikufa ghafula kwa ugonjwa wa moyo, nao huingiwa na hofu wakaribiapo umri ule ule. Wengine husema kwamba jambo hili limo katika damu yao, wala hawana la kufanya. Wengine hukimbia kila asubuhi, wakidhani ya kuwa mkimbiaji hawezi kufa kwa moyo. Twataka kuyapima maneno hayo mawili, maana yote mawili yana hatari.

Alikuwako Marekani mtu jina lake Jim Fixx. Baba yake alishikwa na moyo mara ya kwanza akiwa na miaka 35, akafa akiwa na miaka 43. Fixx naye alipofika miaka 35 alikuwa mnene, uzito wake ratili 200 na zaidi, tena alivuta pakiti mbili za sigara kila siku. Ndipo akaacha sigara, akaanza kukimbia, akapungua sana. Na mwaka 1977 akatoa kitabu juu ya kukimbia kilichonunuliwa na watu wengi mno. Lakini tarehe 20 Julai 1984, akikimbia huko Hardwick, jimbo la Vermont, alianguka akafa, umri wake miaka 52. Madaktari walipomchunguza waliona mishipa ya moyo wake imejaa mafuta magumu, na mmoja karibu umezibwa kabisa. Wenye kudharau mazoezi walicheka. Hawakuhesabu ya kuwa mwana aliishi miaka 9 kupita baba yake. Walakini hata hesabu hiyo haithibitishi neno, kwa kuwa mtu mmoja si ushahidi wa kutosha.

Basi twageukia watu wengi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva hukaa kitini kutwa; mkata tikiti hupanda na kushuka ngazi. Ikaonekana ya kuwa wakata tikiti walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Lakini Morris hakuridhika upesi. Alitazama vipimo vya nguo zao za kazi, na mwaka 1956 akaonyesha ya kuwa suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, hata za vijana. Basi yamkini tofauti nyingine walikuja nayo kazini. Twampenda mtafiti wa namna hii, ajiulizaye mwenyewe maswali magumu.

Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walitoa habari za watu zaidi ya 55,000 waliopimwa urithi wao. Katika kundi moja, wenye urithi mbaya walioishi ovyo, kama 11 katika 100 walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa miaka 10; wenye urithi ule ule walioishi vema, kama 5 tu. Kuishi vema maana yake kushika angalau matatu katika haya manne: kutovuta sigara, kutonenepa mno, kufanya mazoezi, na kula vyakula vifaavyo. Angalieni, mazoezi ni moja tu katika hayo. Na wale 5 nao walipatwa.

Tena uko urithi mmoja usiotii miguu. Katika watu kama 250 mmoja huzaliwa na ini lisiloweza kuondoa vema mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli. Huyo hata akiwa mwembamba na mwepesi, mishipa yake huziba mapema. Mazoezi humfaa, lakini dawa ndiyo ishushayo mafuta hayo, naye hupaswa kuitumia miaka yote. Kila mtoto wake aweza kurithi hali hiyo, nusu kwa nusu.

Kwa hiyo waulizeni wazee wenu: ni nani aliyekufa kwa moyo, na kwa umri gani? Ikiwa baba au ndugu wa kiume alipatwa kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, mwambieni daktari, mkapimwe damu. Naye abanwaye kifuani apandapo kilima, kisha akapata nafuu apumzikapo, asijilazimishe kupanda tena kabla hajachunguzwa.