Usifunge Hesabu ya Mtu

Andiko: Luka 13:6–9

Sisi wa Kitengela na Kajiado tunajua machimbo ya mawe. Lori likishabeba jiwe la mwisho, shimo huachwa. Nani hulirudia?

Bamburi, Mombasa, kulikuwa na shimo kama hilo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka wa 1954, kikachimba mpaka ukabaki mwamba mtupu na jua. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, akaanza kupanda miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu. Mmojawapo ni mvinje.

Lakini majani ya mvinje yakianguka yalilala tu, hayaozi. Miti ipo, udongo hakuna. Ndipo wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu. Wakayatafuna yale majani, na kinyesi chao kikawa mboji. Udongo ukapatikana, msitu ukasimama. Leo ni Haller Park, kuna viboko na twiga.

Sasa rudi kwa Luka. Mwenye shamba amengoja miaka mitatu, anataka mtini ukatwe. Mtunzaji habishi kwamba hauna matunda. Anaomba mwaka mmoja, na anaahidi kuupalilia na kutia samadi. Hakuomba muda tu, alishika jembe.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba deni lisilolipika hufutwa vitabuni, kazi inaendelea. Nakiri mbele yenu: mwaka huu nilifuta jina la ndugu mmoja kwenye orodha ya ushirika wetu wa nyumbani, sababu ya pombe. Nilikuwa nimemhubiria sana, lakini sikuwahi kufika kwake hata siku moja. Maneno yangu yalikuwa kama majani ya mvinje: mengi, makavu, yamelala tu.

Jumanne nilienda. Nilimwomba msamaha. Jumapili hakuja kanisani. Lakini alinipikia chai, na nimemwambia nitarudi.

Ya kujadili nyumbani:
1. Ni jina gani umeshafunga hesabu yake? Pengine ni lako mwenyewe?
2. Jembe lako wiki hii ni lipi: kumtembelea, kumpelekea unga, au kukaa naye tu?

Ombi: Bwana, asante kwa kuwa hukunikata. Nipe subira, na unishikishe jembe. Amina.