Tusome Neno HIARI

Ndugu msomaji, chukua kalamu na daftari lako. Leo tunasoma neno moja tu: HIARI. Ni neno fupi, lina herufi tano. Lakini limewagombanisha wazazi na walimu katika vijiji vingi vya Tanzania.

Tuanze na mfano. Mama mmoja ana watoto watatu katika shule ya msingi ya kijiji. Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, mtoto wa kati anarudi nyumbani analia.

"Kulikoni, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Mwalimu kasema nisirudi mpaka nije na hela ya mlinzi."

Mama anajifunga kanga, anakwenda shuleni. Mwalimu ni kijana, anamwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hela ya mlinzi ni lazima?"

"Hapana, mama. Ni mchango wa hiari. Mlikubaliana wenyewe mkutanoni."

"Kama ni hiari, mbona mtoto wangu yuko nyumbani?"

Mwalimu akanyamaza. Tusimcheke, wala tusimlaumu upesi. Hebu kwanza tuone jambo hili limetoka wapi.

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likasema kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe ifikapo mwaka 1977. Watoto wakawa wengi, madarasa machache. Wananchi wakafyatua matofali, wakabeba mawe na maji, wakajenga. Huo nao ulikuwa mchango. Katika miaka ya 1980 wazazi wakaanza tena kulipa fedha. Mwaka 2001 karo ya shule ya msingi ikafutwa tena. Halafu kuanzia Januari 2016 serikali ikaondoa ada mpaka Kidato cha Nne, na mwaka 2022 Kidato cha Tano na cha Sita nazo zikaingia.

Watu wengi waliposikia "elimu bila ada" walielewa "elimu bila gharama". Hayo ni mambo mawili. Ada ni fedha ya kumwezesha mtoto kusoma, na hiyo ilifutwa. Lakini waraka wa elimu wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi sare, madaftari, kalamu, na chakula cha mtoto anayelala nyumbani.

Sasa tufanye hesabu. Mpango ule wa mwaka 2016 ulimwekea kila mtoto wa shule ya msingi shilingi 10,000 kwa mwaka. Fedha hiyo inaitwa ruzuku. Katika hizo, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya kununua vitabu, na shilingi 6,000 zikaenda kwenye akaunti ya shule. Gawanya 6,000 kwa miezi 12. Unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 ilipata hivi:

600 x 500 = 300,000 kwa mwezi.

Katika shilingi laki tatu hizo mwalimu mkuu anunue chaki, karatasi za mitihani, atengeneze madawati na mlango wa choo uliong'oka. Mvua ikiezua bati, hela imekwisha. Na mlinzi naye anataka ujira wake, maana hawezi kukesha na njaa. Kwa hiyo mwalimu anapoomba msaada, mara nyingi haja ni ya kweli. Anayesema walimu wote wanaomba ili wale hizo hela, huyo hajafanya hesabu.

Lakini haja ya kweli haibadilishi maana ya neno. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza michango ya lazima mashuleni, akasema mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Walimu wakaambiwa kazi yao ni kufundisha, si kukusanya hela. Mwenye moyo wa kutoa hakuzuiwa kutoa.

Hapo ndipo mambo yakageuka. Palipoandikwa MCHANGO, sasa pakaandikwa MCHANGO WA HIARI. Kiasi kikabaki kilekile, na orodha ya wasiolipa ikabaki kilekile, ukutani.

Wenzetu, sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tuna kazi hapa. Soma sentensi hii, ya aina inayoandikwa kwenye mihtasari ya mikutano:

"Mkutano umekubali kila kaya itoe shilingi 5,000 kwa hiari kabla ya tarehe 30."

Isome tena, polepole. "Kila kaya itoe" ni amri. "Kabla ya tarehe 30" ni amri pia. "Kwa hiari" ni ridhaa ya moyo. Maneno haya hayawezi kukaa chungu kimoja. Sentensi ya hiari ingekuwa hivi: "Kaya inayoweza imeombwa kuchangia shilingi 5,000, au kazi, au mahindi." Ona tofauti yake. Hapa mjane asiye na hela anaweza kuja na ndoo mbili za mchanga, na hakuna wa kumkodolea macho.

Kijiji kinaweza pia kutunga sheria ndogo kuhusu michango. Hilo lipo kisheria. Lakini sheria ndogo ina njia yake: Halmashauri ya Kijiji inaipendekeza, wanakijiji wanapewa nafasi ya kusema, na Halmashauri ya Wilaya ndiyo inayoikubali. Mwenyekiti hawezi kuitunga chini ya mwembe siku moja. Ukiambiwa "ni sheria", omba uione ilipoandikwa. Na hata ikiwapo, anayedaiwa ni mzazi. Mtoto wa darasa la tatu hakuhudhuria mkutano, hakunyoosha mkono.

Turudi kwa mama yetu. Siku ile hakupigana na mwalimu. Alisubiri Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao sheria inataka uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema. Akasimama. Hakusema "mnatuibia". Aliomba mambo matatu tu: muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwa sauti, stakabadhi zilizoandikwa zionyeshwe, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni.

Mzee mmoja nyuma akanong'ona, "Huyu tangu ajue kusoma ametuletea tabu." Watu wakacheka. Lakini muhtasari ulisomwa. Ikaonekana hakuna mahali palipoandikwa mtoto afukuzwe. Mwalimu mkuu alisimama akakubali kosa, akasema orodha ya ukutani itatolewa siku ileile. Halafu naye akauliza, "Je, mlinzi tumlipe nini?" Swali hilo ni la haki, na mkutano ulikaa mpaka jioni ukilijadili. Mama yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa. Alileta debe la mahindi.

Unapotoa hela, dai stakabadhi. Tazama tarehe, jina lako, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na kazi ya fedha hiyo. Ikiandikwa "mchango" tu, omba waongeze "wa mlinzi" au "wa madawati". Usione haya. Aliyeandika vizuri hapotezi kitu kwa kukuonyesha.

ZOEZI

Soma taarifa hii, kisha ujibu katika daftari lako.

Kijiji kina kaya 400. Kaya 310 zimetoa shilingi 5,000 kila moja. Mlinzi amelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi kwa miezi 12. Madawati 20 yametengenezwa kwa shilingi 15,000 kila moja. Chaki na karatasi zimegharimu shilingi 180,000.

1. Fedha zilizokusanywa ni shilingi ngapi?
2. Zilizotumika ni shilingi ngapi?
3. Taarifa inasema fedha zimekwisha. Je, ni kweli?
4. Utauliza swali gani mkutanoni, na utalisema kwa maneno gani ili mtunza fedha asione umemtukana?
5. Kaya 90 hazikutoa. Jadilini katika kikundi chenu: mtajuaje asiyetaka na asiyeweza?