Kupima Hatari Kabla ya Kwenda Pwani ya Nchi Nyingine

Mimi ni mtoto wa Singida. Maji mengi niliyopata kuyaona ni ya ziwa Singidani. Likizo iliyopita shangazi yangu aliyeolewa Mombasa alinialika kwake baada ya mtihani wa kidato cha nne, anipeleke nikaogelee Diani. Baba alikataa katakata. "Huko Kenya wageni hutekwa ufukweni," alisema. Nilinuna siku mbili, kisha nikaona heri nilipime neno hilo kama tupimavyo vitu katika maabara.

Kwanza, uliza: ni wapi hasa? Ni kweli kwamba Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa katika sehemu za Lamu. Lakini kutoka Lamu hadi Diani ni zaidi ya kilometa 200, kadiri ya Singida na Dodoma. Je, mwizi akivunja duka Dodoma, wewe wa Singida utahama?

Pili, uliza: ni lini? Mei 2014 Serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na pwani yake, toka Mtwapa hadi Tiwi, pasipo haja kubwa. Diani, iliyo kusini tu ya Tiwi, haikuwemo. Basi onyo lina mpaka na lina tarehe. Usishike la zamani; tafuta la mwezi huu.

Tatu, uliza: wangapi katika wangapi? Tuseme mji mmoja umepata wageni 10,000, wakaibiwa 20. Kijiji kimepata wageni 100, wakaibiwa 2. Mji una wizi mwingi, lakini katika kila wageni 1,000 mji una 2, na kijiji kina 20. Kijiji ndicho chenye hatari zaidi.

Nne, uliza: ni hatari ya namna gani? Utekaji huvuma mbali, bali wizi mdogo, kama wa simu iliyoachwa juu ya taulo, hauvumi. Huo una dawa: fedha uziache kwa mwenyeji wako, usitembee ufukweni peke yako usiku, na mmoja wenu alinde vitu wengine wakioga.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na basi, mwanangu, umelipima?" Nikanyamaza. Njia ya kutoka Singida, kupita Arusha, Moshi na mpaka wa Holili, hadi Mombasa, ni ndefu mno. Nami nilikuwa nimemhesabu mwizi, nikaisahau barabara.

Mwishowe tulipatana. Nitasafiri mchana tu, nitalala Moshi kwa mjomba, na shangazi atanipokea kituoni. Ruhusa nimepewa.

Basi, wenzangu, mzazi akikataa msinune kama mimi. Pimeni, mkamweleze, naye aweza kuwaonyesha msilolipima. Tahadhari kabla ya hatari.