Kupima Jua kwa Tundu la Msumari



Somo letu safari hii si la mbuzi wala la mitaro ya shambani. Ni la anga. Tunajua wengine watasema, "Sisi tunatafuta maji na karo, haya ya anga yanatuhusu nini?" Tunawaomba mlisome mpaka mwisho, halafu mjadiliane kikundini.

SIKU KULIPOKUWA GIZA MCHANA

Jumamosi tarehe 16 Februari 1980, kabla ya saa sita mchana, mwezi ulipita katikati ya dunia na jua. Kivuli chake kikapita juu ya wilaya yetu. Hapa Voi kukawa giza kwa dakika chache, mchana kweupe. Waulizeni wazee wa kijiji, wale waliozaliwa kabla ya 1975. Walikuwa wapi saa ile? Kuku walifanya nini? Walielezwa nini, na ni nani aliyewaeleza?

Wataalamu walipanda ndege kutoka nchi za mbali, wakabeba darubini zao, wakaja kutazama hapa hapa kwetu. Sisi tulikuwa tayari tupo, bila nauli. Lakini tujiulize: ni watoto wangapi waliofundishwa jambo hilo vizuri kabla halijafika? Na ni wangapi waliofungiwa ndani kwa hofu tu?

Nafasi nyingine inakuja. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Huko Luxor nchini Misri, na sehemu za Saudia na Yemeni, litafunikwa lote. Kwetu litafunikwa sehemu tu, wakati wa mchana. Hakutakuwa giza kama lile la 1980, lakini mtoto aliyeandaliwa ataona kwa macho yake kwamba mwezi na dunia vinatembea. Asiyeandaliwa atakosa, au vibaya zaidi, ataharibu macho.

KWA NINI KIKUNDI KIJALI?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Hapo kila mmoja hufuata mkondo wake: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto anaamua mambo haya akiwa bado mdogo. Akiwa shule isiyo na maabara, anajiambia, "Sayansi ni ya watoto wa Nairobi." Basi, mlango umefungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kitu.

Tunasema hivi: sayansi ya anga inaanza na vitu tulivyo navyo. Jua letu ni lile lile wanalopima wataalamu. Haya hapa masomo mawili ambayo mwalimu, au mzazi yeyote anayejua kusoma rula, anaweza kuyafanya.

SOMO LA KWANZA: KIVULI CHA KIJITI

1. Simamisheni kijiti cha mita moja mahali pa wazi, kiwe wima kabisa. Tumieni uzi uliofungwa jiwe ili kuhakikisha.
2. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba mchana, wekeni alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5.
3. Tafuteni alama iliyo karibu zaidi na kijiti. Hiyo ndiyo adhuhuri ya kweli ya hapo mlipo.

Watoto watashangaa: hiyo haitakuwa saa sita kamili. Kwa wastani Voi huchelewa kama dakika 25. Sababu ni kwamba saa za Kenya nzima zinafuata jua la mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu. Jua linafika kule kwanza, ndipo lije kwetu.

Rudieni somo hili karibu na tarehe 12 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo jua hupita juu ya utosi wetu na kivuli karibu kipotee kabisa. Mtoto wa London hawezi kuona jambo hilo kwao hata akae miaka mia. Wa kwetu anaona mara mbili kwa mwaka.

SOMO LA PILI: UKUBWA WA JUA

Mmewahi kuona vile viduara vya mwanga sakafuni jikoni, mabati yakiwa na matundu ya misumari? Kila kiduara ni picha ya jua. Tutaitumia kulipima.

1. Asubuhi jua likiingia dirishani, zibeni dirisha lote kwa katoni ili chumba kiwe na giza.
2. Toboeni katoni kwa ncha ya msumari mdogo. Tundu likiwa kubwa, hesabu itaharibika.
3. Shikeni karatasi nyeupe mita 2 kutoka kwenye tundu, ikiwa imeelekea mwanga sawasawa. Duara la mwanga litatokea.
4. Pimeni upana wa duara. Litakuwa pungufu kidogo ya sentimita 2.
5. Gawanyeni sentimita 200 kwa upana mliopata. Jibu litakuwa karibu 108.

Maana yake, umbali wa kutoka kwetu hadi kwenye jua ni upana wa jua mara 108 hivi. Umbali huo ni kama kilomita milioni 150. Gawanyeni kwa 108, mtapata karibu kilomita milioni 1.4. Huo ndio upana wa jua, yaani zaidi ya dunia 100 zikipangwa moja baada ya nyingine. Mtoto ameupata kwa katoni na msumari! Jibu likitofautiana kidogo msimkemee. Muulizeni ni wapi kipimo kingeweza kukosea. Hata wataalamu hufanya hivyo.

ANGALIENI MACHO

Siku ya kupatwa kwa jua, tundu lile lile litaonyesha jua lililomegwa, mithili ya chapati iliyoumwa. Hata chini ya mwembe, mwanga unaopita kati ya majani utachora vipande vya jua vilivyomegwa. Mtoto anatazama karatasi au ardhi, mgongo ukiwa upande wa jua. Asichungulie jua kupitia tundu hata kidogo.

Msitumie miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa moshi, filamu ya eksirei wala maji kwenye karai. Jua linaweza kuunguza ndani ya jicho bila mtu kusikia maumivu, na kidonda hicho huenda kisipone. Miwani maalum ya kutazamia jua ipo. Ni lazima iwe na alama ya ISO 12312-2 na isiwe imekwaruzika.

MILANGO ILIYO WAZI

Mtoto akishaonja, aende wapi? Msidhani mambo haya yako ng'ambo tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya Jamhuri. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa na ukubwa wa sentimita 10 kila upande, inatosha kiganjani! Halafu tarehe 15 Aprili 2023 ikarushwa Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi ili kusaidia mambo kama kilimo na mazingira.

Walimu wanaweza kuanza na milango hii:

- Wiki ya Kimataifa ya Anga za Juu, tarehe 4 hadi 10 Oktoba kila mwaka. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1999. Inafuata siku zile za kivuli kupotea, kwa hiyo shule yoyote inaweza kufanya maonyesho yake.
- Mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule, yanayoanzia kaunti ndogo na kupanda hadi taifa. Kijiti na katoni vinaweza kuwa mwanzo wa mradi.
- Programu ya GLOBE, ambayo Kenya imo. Wanafunzi hupima mvua, joto na mawingu, na vipimo vyao hulinganishwa na vya setilaiti. Kumbukumbu hizo za mvua zinafaa hata kwa wakulima wa kikundi.
- Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa 2017. Mwalimu mkuu aliandikie barua, aulize wana nini kwa shule za Taita Taveta.
- Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mtu anaweza kusomea shahada ya elimu ya nyota.

KAZI YA KIKUNDI

Hatuwaombi mjenge maabara. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtengeeni mwalimu wa sayansi dakika 20 katika mkutano wenu, awaonyeshe wazazi somo la katoni. Pili, changeni kidogo kidogo mnunue rula, karatasi nyeupe na miwani maalum michache ya kupokezana. Tatu, chagueni mtu wa kuandika yale wazee wanayokumbuka ya 1980, kabla hayajazikwa pamoja nao. Hayo ni mali ya shule. Na wasichana wasiachwe kuchota maji wakati wavulana wanapima kivuli. Wapokezane.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani katika kijiji chetu aliyeona giza la 1980? Tutamwalika lini shuleni?
2. Watoto wetu wa Gredi ya 9 wanachagua mkondo gani, na kwa nini?
3. Tarehe 2 Agosti 2027, nani atakaa na watoto, na wapi?

Mpimapo jua, tuandikieni namba mliyopata. Tungependa kuona kijiji gani kitakaribia 108.