Tuwaombee Majirani Zetu Waislamu: Lakini Vipi?

Somo la safari hii linatokana na swali tunaloulizwa kila tukitembelea vikundi, kuanzia Takaungu mpaka Ngomeni: tunaishi na Waislamu, tunachota maji pamoja, tunazikana, wengine ni ndugu wa tumbo moja. Sasa tuombeeje kazi ya Injili kati yao bila kuharibu ujirani? Sisi wenyewe tulianza kulijibu vibaya, kwa hiyo tutaanza na kosa letu.

Kikundi chetu kilichimba kisima. Siku ya kukifungua tuliwaalika wageni kutoka mjini, nao wakaja na vipaza sauti. Hatukuwauliza watasema nini. Mwadhini alipokuwa akiadhini alasiri, mgeni mmoja akashika kipaza sauti na kuanza kuomba kwa nguvu kwamba ngome ya uongo ivunjwe katika kijiji hiki. Akina mama wa Kiislamu walikuwa kwenye foleni na mitungi yao. Walikuwa wamechanga pesa sawa na sisi, na waume zao ndio waliobeba mawe. Mmoja akainua mtungi wake mtupu akaenda zake. Wa pili akamfuata. Kwa miezi mitatu walirudi kuteka maji bwawani, kule tulikokimbia sote kwa sababu ya kichocho. Yaani ombi letu liliwarudisha wenzetu kwenye maji machafu! Tulikwenda kuomba msamaha mara mbili. Mara ya kwanza tulisikilizwa tukiwa tumesimama. Mara ya pili ndipo mzee wa msikiti akatuambia, karibuni mkekani.

Tangu siku ile tuna kipimo kimoja: usiombe neno ambalo ungeona haya kama jirani yako angelisikia dirishani. Hatusemi mfiche imani. Jirani anajua kwamba sisi ni Wakristo na tunatamani amjue Yesu, kama tunavyojua kwamba yeye anatamani tusilimu. Hilo halimuudhi. Linalomuumiza ni kutajwa mbele za Mungu kama adui, halafu kesho yake tunamwomba chumvi. Fungueni Warumi 10:1 muone Paulo anavyowaombea watu wa kwao. Anataka waokolewe, lakini hawatukani. Na 1 Petro 3:15 inatutaka tukieleza tumaini letu tueleze kwa upole.

Jambo hili si geni pwani yetu. Ukifika Malindi utaona kanisa dogo la Wareno karibu na bahari, lenye makaburi uani. Mwaka 1542 padri Francis Xavier alipita Malindi akiwa safarini kwenda India, na baharia mmoja wa msafara ule akazikwa hapo. Katika barua yake Xavier anaeleza kwamba mzee mmoja wa Kiislamu alimlalamikia jinsi ibada ilivyopoa: mji ulikuwa na misikiti 17, na ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Mzee akamuuliza kama Wakristo kwao wanahudhuria makanisani. Hebu fikirini, mlango gani mkubwa kuliko huo? Mzee wa dini nyingine anakufungulia huzuni ya moyo wake! Xavier alimjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Xavier alikuwa mtu wa maombi sana, lakini kwa maoni yetu siku ile aliufunga mlango uliokuwa wazi. (Na swali la mzee yule bado linatusumbua. Hesabuni viti vitupu Jumapili ijayo.)

Miaka 300 baadaye akaja Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Seyyid Said wa Unguja, mtawala Mwislamu, iliyowataka maliwali wampokee vizuri. Julai ya mwaka ule ule mkewe Rosine akafariki pamoja na mtoto wao mchanga. Hata hivyo Krapf aliendelea kujifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri Biblia, na aliyemsaidia lugha alikuwa kadhi wa Mombasa. Kwa hiyo tunapofungua Maandiko kwa Kiswahili, tukumbuke kwamba mkono wa Mwislamu ulikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walijenga Rabai. Rebmann alikaa karibu miaka 30, akaondoka mwaka 1875 macho yakiwa yamekwisha, na walioamini walikuwa wachache sana. Wale wenzetu wanaotaka matokeo ya mkutano wa siku tatu, na waende Rabai wakaone kanisa lile na jumba la makumbusho.

Sasa tuseme jambo linalotuuma. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapa hapa Kilifi. Wengi wao ni watu waliofunga hadi kufa, watoto wakiwemo, wakiamini kwamba wanakwenda kukutana na Yesu. Jirani Mwislamu akituuliza, "Je, hiyo ndiyo dini mnayotaka tuifuate?" tusimkasirikie. Kabla ya kumwombea yeye afunguliwe macho, tuombe toba kwa ajili ya nyumba yetu. Tena tuombe tukiuliza: nani aliona jirani yake akiuza shamba na kuwatoa watoto shule, akanyamaza?

Kuna na neno la siri. Pengine kijijini mwenu yuko kijana aliyeanza kumwamini Yesu na nyumbani hawajui. Tafadhali msimtaje jina kikundini, wala katika barua, wala katika simu. Mungu anamjua. Ombeni apate hekima, aendelee kuwaheshimu baba na mama yake, asikimbizwe mjini kuoneshwa kama kombe la mpira. Wala asipewe pesa wala ajira ili abatizwe; mahindi ya msaada ni ya mwenye njaa, si chambo.

Na je, binti yetu akiolewa Uislamuni na kubadili jina? Hapa ndipo maombi yetu hupimwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na haruhusiwi mtu kulazimishwa. Tunapenda kuisoma kwa ajili ya yule kijana. Tuisome pia kwa ajili ya binti huyu. Tumwombee kwa machozi, ndiyo, lakini mlango wa nyumba usifungwe, na akijifungua tumpelekee uji.

Basi, kwa vitendo. Kikundi chenye watu wa dini mbili kisigeuzwe kuwa mkutano wa Injili. Kwetu Mkristo akifungua kwa sala, Mwislamu hufunga kwa dua. Hatukutani Ijumaa adhuhuri. Mbuzi wa sherehe huchinjwa na Mwislamu ili wote tule sufuria moja. Wakristo hukutana kuomba siku nyingine, nyumbani. Hapo msiseme tu, "Bwana, waguse Waislamu." Mwombeeni mvuvi wa Mayungu ambaye kusi imempiga na chombo hakijatoka wiki mbili. Mwombeeni mwalimu wa madrasa mwenye mtoto mwenye homa, halafu mkamwangalie. Ombeni Mungu ajitambulishe kwao kwa njia yake, na sisi tusiwe kizuizi. Tangu miaka ya 1990 makanisa ya nchi nyingi hutumia mwezi wa Ramadhani kuwaombea Waislamu. Ni vizuri, ila usitoke kuwaombea ukaenda kutafuna mahamri kisimani mbele ya mama aliyefunga.

Na ombeni kwa ajili ya Salah Farah. Alikwisha kufa, lakini ana familia. Alikuwa mwalimu Mwislamu. Desemba 2015 wapiganaji walisimamisha basi karibu na El Wak, Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Salah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Maswali ya kujadili: Nani katika kijiji chetu tumemkosea kwa jina la dini, na ni nani atakayekwenda kwake kwanza? Ni majirani gani watatu Waislamu ambao shida zao tunazijua vya kutosha kuziombea kwa majina? Kama hatuwajui hata watatu, wiki hii tuahirishe maombi ya usiku tukawatembelee.