SOMO LETU: MTUNGI MWEKUNDU UKUTANI, JE, UTAFANYA KAZI SIKU YA MOTO?



Msimu mmoja wa kaskazi tulialikwa na kikundi cha vijana kaskazini mwa Malindi. Walikuwa na wazo la biashara, nasi tulifurahi kulisikia. Walisema, "Huku pwani kila nyumba ya wageni, kila shule, kila kituo cha petroli kina mitungi ya kuzimia moto. Sisi tutazunguka kuihudumia." Tukawauliza, kuhudumia ni kufanya nini? Mmoja akajibu bila kuficha: "Tunaipaka rangi, tunafunga kadi mpya, tunalipwa."

Basi hatukubishana nao. Pale ukumbini palikuwa na mtungi mmoja ukutani, na kadi yake ilikuwa ya mwaka uleule. Tukamwomba kijana mmoja aushushe. Aliuinua kwa mkono mmoja kama ndoo tupu. Mshale wa presha ulikuwa umelala kwenye rangi nyekundu. Mdomo wa mpira ulikuwa umezibwa na kiota cha udongo cha nyigu. Chini, mahali mtungi unapogusana na kishikio, kutu ilikuwa imekula chuma. Lakini kadi ilikuwa safi, na sahihi ipo.

Kijana yule alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kumbe heri ukuta ungekuwa mtupu." Neno hilo ndilo somo letu la leo. Ukuta ukiwa mtupu, mtu anajua hana kinga, atakimbilia maji au mlango. Mtungi mbovu wenye kadi nzuri unamfanya asimame mbele ya moto akibonyeza kitu kisichotoa chochote.

TUTAZAME HALI YETU

Sisi wa Kilifi na Malindi tunaishi na makuti. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, makuti hukauka kabisa, na ndio wakati wageni wamejaa na majiko yanawaka mchana na usiku. Cheche moja na upepo vinatosha. Tena chumvi ya bahari hula chuma upesi kuliko bara, na unyevu hufanya poda ndani ya mtungi igande.

Shule nazo tusizisahau. Machi 1998, moto uliunguza bweni la wasichana la shule ya Bombolulu huko Kwale, na zaidi ya wasichana 20 walipoteza maisha. Madirisha yalikuwa na vyuma. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67 bwenini. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Kwa hiyo mnapokwenda kukagua mtungi, tazameni na mlango. Mtungi hauokoi mtu aliyefungiwa ndani.

UKAGUZI WA KILA MWEZI

Kazi hii kikundi kinaweza kuifanya kikishafundishwa vizuri. Ni mambo sita:

1. Mahali. Mtungi upo pale pale, unaonekana, haukufichwa nyuma ya makreti ya soda?

2. Pini na sili. Kama sili imekatika, huenda mtungi umekwisha tumiwa. Ulizeni.

3. Mshale wa presha. Uwe kwenye rangi ya kijani. Gongeni kioo polepole kwa kidole, maana mshale huweza kukwama.

4. Mwili. Tafuteni kutu na mbonyeo, hasa chini kwenye kitako. Rangi mpya juu ya kutu ni uongo. Mtungi ulioliwa na kutu au uliobonyea hauchomelewi. Unaondolewa kazini.

5. Mpira na mdomo wake. Usiwe umepasuka. Chunguzeni nyigu na buibui.

6. Uzito. Mtungi wa gesi ya kaboni, ule wenye mdomo mpana mweusi, kwa kawaida hauna mshale. Dawa yake ni mizani. Linganisheni na uzito ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ikiwa gesi imepungua zaidi ya sehemu moja kwa kumi, urudishwe ukajazwe.

Mkimaliza, andikeni tarehe na jina la aliyekagua, kwenye kadi na kwenye daftari lenu pia. Kila mtungi uwe na namba yake. Kadi ikipotea, daftari litasema.

KAZI AMBAYO SI YETU

Hapa tunaomba msikilize sana. Kufungua mtungi na kuujaza upya ni kazi ya fundi mwenye mafunzo na mashine. Mtungi wa kaboni una mgandamizo mkubwa sana hata ukiwa umetulia kivulini, na ukiachwa juani unazidi. Mtu akifungua kichwa cha mtungi wenye presha kwa spana, kichwa kile huruka kama risasi. Jamani, tusizike kijana kwa sababu ya shilingi mia chache.

Utaratibu wa Kiingereza, ambao mafundi wengi huufuata, ni huu: mtungi hufanyiwa huduma kamili kila miezi 12. Ule wa maji au poda hutolewa dawa yote na kuchunguzwa ndani kila baada ya miaka 5, na ule wa kaboni hupimwa nguvu ya chuma kila baada ya miaka 10. Kazi ya kikundi ni kujua tarehe hizo zikifika, kukusanya mitungi, kuipeleka kwa kampuni yenye idhini, na kuirudisha. Msiache ukuta wa mteja mtupu. Ombeni kampuni iwape mitungi ya akiba ya kushikilia nafasi.

Vilevile, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinataka ukaguzi mkubwa wa usalama wa moto kila mwaka, unaofanywa na mkaguzi aliyeidhinishwa na serikali. Sahihi hiyo si yetu. Mteja akitaka tumwandikie, tumkatalie kwa heshima.

TUMWAMBIE MTEJA UKWELI

Mtungi wa poda wa kilo 9 humaliza dawa yake chini ya nusu dakika. Unafaa kwa moto unaoanza: karai la mafuta, jenereta, pipa la taka. Paa la makuti likishashika, mtungi hauliwezi. Hapo ni kutoa watu kwanza, kuita zimamoto, na kuvuta makuti ya jirani kwa kulabu ndefu ili moto usivuke. Tena mfundisheni mpishi kwamba mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji, wala maji hayamwagwi kwenye waya wenye umeme. Mteja akijua hayo, hata siku ambayo hamtakuwapo atakuwa salama.

TUFANYE HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme mna wateja 6, kila mmoja ana mitungi 10. Mitungi 60 kwa shilingi 50 kila mwezi ni shilingi 3,000. Toeni nauli 800, kadi na kalamu 300, posho ya wakaguzi wawili 1,200. Zinabaki 700. Kwa miezi 12 ni shilingi 8,400.

Lakini ngojeni. Kama wateja 3 ni hoteli zinazofunga miezi miwili wakati wa mvua, mtapoteza shilingi 3,000, na matumizi yasipopungua mtabakiwa na 5,400 kwa mwaka mzima. Ndiyo sababu tunashauri msitegemee hoteli peke yake. Tafuteni shule, zahanati, vinu vya kusagia, vituo vya petroli na wenye matatu, maana gari la abiria nalo linatakiwa kuwa na mtungi. Andikianeni mkataba kabla mvua za Aprili hazijaanza, na kila malipo yawe na risiti.

Kikundi kiwe kimeandikishwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kiwe na kibali cha biashara cha kaunti, na akaunti yenye watia sahihi watatu. Wakaguzi wasiwe ndio wanaoshika pesa.

MWISHO

Vijana wale walibadilisha mpango wao. Rangi waliyokuwa wamenunua waliitumia kupaka ndoo za mchanga za ukumbi. Walianza na mitungi michache, na mwezi wa kwanza walimwambia mteja wao mmoja kwamba nusu ya mitungi yake haifai. Alikasirika. Wiki mbili baadaye aliwaita tena, akawaambia waipeleke yote kwa fundi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika kazi hii ni fupi zaidi, kwa sababu moto hausomi kadi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, mitungi ya kuzimia moto iko wapi? Nani aliikagua mara ya mwisho, na tunajuaje?

2. Mteja akituambia, "Andikeni tu, nitawalipa," tutamjibu nini? Na kama pesa za kikundi zimekwisha siku hiyo?

3. Nani kati yetu wanaweza kwenda kujifunza kwa fundi, wanaume na wanawake, na kikundi kitawasaidiaje?

4. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja aangalie jikoni mwake: moto ukitokea usiku, watoto watatokea wapi?